Nyimbo Zilizoacha Kuuliza

Mtaani walimwita Chapchap, na jina hilo alilipenda. Ukimpelekea simu iliyojaa au kompyuta inayosuasua, alikurudishia kabla hujamaliza kulalamika. Kibandani mwake mlikuwa na meza, feni, na kiti cha mteja ambacho hakikuwahi kupata joto.

Mchana mmoja aliingia shangazi yake, dada wa baba, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Alishika flashi iliyofungwa kwenye leso.

"Mwanangu, karedio kangu kanaziruka nyimbo za dada yako. Kanaimba mbili tatu, halafu kimya."

Dada huyo alikuwa binti pekee wa shangazi. Alikuwa mwalimu wa lugha, na alifariki baada ya kuugua muda mrefu. Nyimbo zile alizirekodi kitandani kwa simu, akaziandika majina kwa umakini wa mtu anayesahihisha mtihani: mkato mahali pake, alama ya kuuliza mahali pake. *Mlango uko wazi? Nimefika? Mama, umelala?*

"Tatizo ni hizi alama," Chapchap alisema. "Redio ndogo hazizisomi. Nazifagia zote kwa mpigo."

"Usije ukaniharibia. Sina nyingine."

"Shangazi, unaongea na Chapchap."

"Ndiyo maana naogopa," shangazi alisema, wakacheka wote.

Aliandika mistari michache ya kuiamuru kompyuta: kila kisicho herufi wala nafasi, kiondoke. Akabonyeza. Kufumba na kufumbua, majina yakanyooka, safi, hayana nukta wala mkato.

Kisha akaona kuna faili moja pungufu.

Alikumbuka papo hapo. Kulikuwa na *Mama, umelala?* na kulikuwa na nyingine, *Mama, umelala...* yenye vinukta mwishoni. Bila alama, majina yale yalikuwa jina moja, na wimbo mmoja ulikuwa umekaa juu ya mwenzake ukaufuta. Nakala hakuwa ametengeneza, yeye anayewagombeza wateja kila siku kwa kosa hilohilo. Masikio yakamwaka moto. Shangazi alikuwa anamtazama, uso umejaa shukrani.

"Zote zipo?"

"Zote zipo, shangazi."

Kesho yake shangazi alimpigia simu. Alinong'ona, kama mtu asiyetaka kusikiwa chumba cha pili.

"Zamani alikuwa ananiuliza. Sasa haniulizi."

"Anafanya nini?"

"Ananiambia."

Chapchap alidhani ni majonzi. Hata hivyo alifunga kibanda akaenda. Aliingia sebuleni, akaufunga mlango nyuma yake, akakaa na shangazi karibu na redio iliyokuwa juu ya kabati la vyombo; shangazi akaiwasha.

Nyimbo zile alizijua. Mwisho wa kila mstari sauti ya dada yake ilikuwa ikipanda, kama inavyopanda sauti ya yeyote anayeuliza. Katika lugha yetu hakuna neno linalobadilika kati ya kuuliza na kusema. Ni sauti tu inayopanda, na kwenye maandishi ni ile alama ndogo, yenye mgongo uliopinda.

Sauti haikupanda. Ilishuka.

*Mlango uko wazi.*

Upepo ulimgusa shingo. Aligeuka. Mlango alioufunga kwa mkono wake ulikuwa wazi.

*Nimefika.*

Mto wa kiti kilichokuwa mkabala nao ukabonyea, taratibu, kama unavyobonyea akikaa mtu mwepesi aliyekondeshwa na ugonjwa.

"Umezifanya nini?" shangazi alinong'ona.

"Sijazifanya kitu."

Uongo wa pili ulitoka laini kuliko wa kwanza. Alijua wimbo upi uliobaki. Ilitosha kumwambia: shangazi, usiucheze ule wa *Mama, umelala*. Lakini angeuliza kwa nini. Na kwa nini yake ingefika kwenye ule uliofutika. Aibu ikamfunga ulimi. Akaizima redio, akachomoa flashi, akaitia mfukoni.

"Nitaziweka sawa. Naileta sasa hivi."

Kibandani aliichomeka. Aliandika alama ya kuuliza mwishoni mwa jina. Ikatoweka. Aliandika tena. Ikatoweka. Aliibonyeza hadi kidole kikauma. Jina likabaki palepale, limenyooka, halina swali.

Simu ikaita. Alikuwa jirani wa shangazi.

"Mwambie shangazi yako apunguze redio. Nagonga, haitiki."

Chapchap aliitazama flashi. Ilikuwa mbele yake, taa yake inapepesa.

Alikimbia. Viatu vilimvuka, hakuvirudia. Mlango wa shangazi ulikuwa wazi. Redio ilikuwa inaimba.

*Mama umelala.*

Shangazi alikuwa kwenye kochi, kichwa kimeinama, macho yamefumba. Kifua kilipanda. Kikashuka. Kikapanda. Alikuwa hai. Alikuwa amesinzia tu.

Chapchap alipiga magoti. Alimshika mkono, ulikuwa na joto. Sasa angemweleza yote. Alitaka kwanza kumwamsha, kumuuliza kwa upole, kama alivyokuwa akimuuliza utotoni kila alipoamshwa na ndoto mbaya. Akafungua kinywa.

Sauti yake haikupanda.

"Shangazi, umelala."

Kifua kilishuka. Hakikupanda tena.

Redio ikanyamaza yenyewe.

Majirani walisema mama wa watu amekwenda vizuri, usingizini, bila kusumbuka. Wengine walimsifu Chapchap kwa kumpa nyimbo za mwanawe dakika za mwisho. Aliitikia kwa kichwa, macho chini.

Mkewe ndiye aliyeligundua hilo jingine.

"Umekula," Chapchap alimwambia jioni moja.

"Mbona unanisemea? Sijala. Ni swali hilo au habari?"

Chapchap alijaribu tena, akiinyoosha shingo, akiisukuma sauti juu. Iliporomoka vilevile.

Siku hizi binti yao akichelewa kuamka, ni mama yake anayekwenda kumwita. Chapchap hubaki jikoni, kiganja kimeziba mdomo, hadi asikie nyayo za mtoto.