Rudia Nikusikie

Jamani, walikutana kwenye lifti! Saa moja asubuhi, zamu zinapishana, watu wanapumuliana visogoni. Nesi wa watoto mahututi, raba za njano, sare imenyooshwa pasi kweli kweli, akamkanyaga mfamasia mmoja mrefu mwenye koti jeupe.

"Sista, huo mguu wangu."

"Si uubebe, kaka. Lifti imejaa."

Wakacheka, na mapenzi yakaanzia hapo. Simu ya famasi ikilia wodini, wenzake wanapiga kelele, "Pokea, shemeji huyo!"

Sasa, dawa ikiagizwa kwa simu, anayepokea lazima arudie kila neno. Bwana anarudia, kisha anaongeza, "Na sauti tamu, moja."

Ikaja siku ya kichanga wa miezi minne. Amelala tu, ana mpira mwembamba wa dawa kwenye mshipa wa paja, na damu ingeweza kuganda mguuni. Dawa ya kuzuia hupimwa kwa uzito: ikipungua, damu inaganda, ikizidi, mtoto anavuja damu.

Nesi akaagiza kwa simu, bwana akashtuka, "Kilo sita na robo? Jana alikuwa sita kasoro. Sitoi. Mpime tena."

Spika ya simu wodini ilikuwa wazi, daktari mkuu kasimama pale pale!

"Yaani sijui kupima?" Nesi akakata simu.

Akampima mtoto tena, kavimba uso kwa hasira, mikono laini. Lo! Kibao cha kushikilia dripu mkononi mwa mtoto hakukitoa kwenye hesabu. Kilo sita kasoro.

Aibu ikammaliza. Akamwomba mwenzake aagize. Siku nne hakugusa simu, na kule famasi bwana chai inapoa, anajua ameachwa.

Siku ya tano mpira ukatolewa. Nesi akapiga mwenyewe, spika akaifungua mwenyewe, daktari mkuu akisikia.

"Mguu hauna uvimbe hata kidogo, mtoto kanipiga teke! Na kibao nilikisahau mimi. Ulikuwa sahihi."

"Raba za njano! Siku nne unanitesa kwa ajili ya kibao?"

"Niliona haya, mpenzi."

"Mimi nikadhani umenitema! Haya, chukua kalamu, leo naagiza mimi. Mke mmoja, wewe, kila siku, maisha yote, bila kuruka hata siku moja. Rudia nikusikie."

Nesi, machozi hayo!

"Mke mmoja. Mimi. Kila siku, maisha yote... bila kuruka hata siku moja."

Wodi nzima ikapiga vigelegele vya kunong'ona, maana watoto walikuwa wamelala.