Waliokaa kwenye Benchi la Bango

"Breki! Hebu njoo uone. Huyu si mwanaume wako?"

Muuza maputo aliita kwa sauti ileile anayoitia wateja, ukumbi mzima wa manispaa ukageuka.

Breki alikuwa mstari wa mbele, kajipamba. Watu walimpa jina hilo kwa sababu ya baiskeli anazokodisha kwenye bustani ya ufukweni. Leo mchumba wake, Bwana Mipango, alikuwa anawasilisha mpango wa kuifufua bustani hiyo kwa miaka thelathini. Breki ndiye aliyezunguka kibanda hadi kibanda akiwabembeleza wenzake wakubali kusogezwa nyuma ili ukuta wa kuzuia maji ujengwe. "Mwaminini, ni mtu wangu," aliwaambia. Na Jumamosi wazee wa huyo mtu wake wangekuja kwao kuposa.

Akainuka. Bango lilijaa ukuta mzima: bustani itakavyokuwa, miti mipya, njia pana, ngazi za kushukia majini. Na watu, wote wanacheka. Kwenye benchi lililoelekea maji alikaa mwanaume, mwanamke kamlalia begani, vidole vimeshikana.

"Si yeye," Breki alisema.

"Mh! Basi ana pacha, na wamegawana shati."

Shati lilikuwa la manjano. Mfuko ulichanika, Breki akaushona kwa uzi wa bluu maana wa manjano ulimwishia. Bango lilivyokuwa kubwa, hata uzi ulionekana. Shati lile alimpigia pasi mwenyewe, siku Bwana Mipango anasafiri peke yake kwenda kutazama bustani za mji mwingine. Ujumbe wa safari hiyo bado alikuwa nao kwenye simu:

"Mtandao huku mbovu mpenzi. Nimechoka, nalala. Nitakuota."

Breki akaandika: "Toka nje. Sasa hivi."

"Naingia jukwaani mama, baadaye."

"Usipotoka, nakufuata hukohuko jukwaani."

Akatoka. Walikutana koridoni, karibu na mlango, yeye kakunja uso.

"Nini tena, jamani? Watu wananisubiri."

"Nani yule kwenye benchi?"

"Benchi lipi?"

"La kwenye bango lako."

Akacheka, akamshika bega. "Ah, mpenzi! Wale ni watu wa kubandika. Tukimaliza kuchora tunabandika watu, bustani isionekane kama makaburi. Picha za kuokotaokota tu."

"Na shati nililokushonea nalo mmeliokota?"

Kicheko kikakatika. Akachungulia ndani. Breki alimwona anavyolitafuta benchi kwa macho na anavyolipata.

"Hukuwahi kuliangalia bango lako?"

"Nilikagua miti. Kimo cha ukuta. Taa. Watu huwa sikagui."

"Hilo nalijua."

Papo hapo mwanamke wa kwenye benchi akatokea mlangoni, mzima mzima, kitambulisho cha ofisi shingoni. Alikuwa mpima ardhi.

"Mpenzi, mkuu anakuita." Akamwona Breki, uso ukachanua. "Jamani, wifi! Hatimaye!"

"Wifi?"

"Si wewe dada yake, wa baiskeli? Kila siku anakusimulia."

Breki alimtazama Bwana Mipango. Bwana Mipango aliitazama sakafu kama iliyohitaji kukarabatiwa.

"Dada yangu, mimi ni mchumba wake. Jumamosi wazee wake wanakuja kwetu."

"Jumamosi?" Mpima ardhi akamgeukia. "Si uliniambia Jumamosi unampeleka mama yako hospitali?"

"Tusiongelee hapa. Tukaongee nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?" waliuliza wote wawili.

Breki akauliza, "Picha alitoa nani?"

"Mimi. Mkuu alisema kila mtu alete picha ya watu wenye furaha." Mpima ardhi akafuta chozi. "Mimi sina nyingine niliyofurahi kama ile."

"Usinililie mimi! Ulipoambiwa ni dada, hukuuliza dada wa tumbo gani?"

"Na wewe ulipoambiwa mtandao mbovu, uliuliza?"

Mkono wa Breki ulishapanda. Ukabaki hewani, ukashuka wenyewe. Yule mwanamke alikuwa amefumba macho, anangoja kofi kama mtu anayeona analistahili.

"Jamani mnanidhalilisha kazini," Bwana Mipango alinong'ona.

"Wewe nenda kawasilishe," Breki alimwambia. "Wenzangu wamefunga vibanda kuja kukusikiliza."

Akaenda. Aliongea huku jasho linamtoka, mgongo kauegemeza palepale kwenye benchi la bango ili alizibe. Maswali yalipofunguliwa, Breki alikishika kipaza sauti kabla ya mtu yeyote.

"Wenzangu, mimi ndiye niliyewaambia mkubali mpango huu. Maji yanapanda, mnayaona. Ukuta ujengwe na vibanda tuvisogeze, hilo silibadilishi. Ila niliwaambia mumwamini kwa sababu ni mtu wangu. Hilo nalifuta mbele yenu. Kila awamu itakapoanza tuitwe, tukague kwa macho yetu, hadi watu."

"Swali lako ni lipi, mama?" mwenyekiti aliuliza.

"Sina swali. Nina ujumbe kwa mtaalamu." Akamtazama usoni. "Jumamosi, mpeleke mama hospitali."

Mpima ardhi, kule nyuma, alicheka huku analia. Ukumbi haukujua kilichotokea, ila muuza maputo alijua, na kabla kikao hakijafungwa wote walikuwa wameshajua.

Bango lilikuwa limeshalipiwa, likatundikwa kwenye lango la bustani kama lilivyopangwa. Bwana Mipango akawa anazunguka kupitia lango la nyuma. Alituma ujumbe: "Nisikilize hata kidogo, Breki wangu. Ni makosa ya kibinadamu."

"Mtandao huku mbovu," alimjibu.

Baiskeli zake sasa anazipanga chini ya bango, maana pana kivuli. Juzi mteja mmoja aliinua macho akauliza:

"Huyu kaka wa shati la manjano ni nani? Kama namjua."

"Wa kubandika tu huyo." Breki akachuchumaa, akaminya breki ya mbele, kisha ya nyuma, akalizungusha gurudumu akisikiliza. "Haya, panda. Hizi nimezikagua mwenyewe."