Benchi Chini ya Mkuyu

Ufunguo uligoma kuingia. Gasana alikuwa ametoka kazini, saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu ya mabati ya mtaa wa Nyamirambo. Alisukuma, akageuza, mwishowe akachungulia tundu la kufuli. Lilikuwa limejaa saruji mpaka ukingoni, kavu, laini kama ukucha.

"Watoto wa jirani hao," alimwambia mkewe, Swafiya, alipomfungulia mlango wa uani.

"Nimeshinda hapo barazani nashona tangu asubuhi, Baba Ikirezi. Hakuna mtoto aliyegusa mlango."

Gasana alikuwa msimamizi wa vibarua katika msitu wa hifadhi ulio juu ya kilima, ambako watu wa mjini hupanda alfajiri na viatu vyao vya mazoezi kutembea kwenye njia zilizochongwa kati ya mikaratusi. Wiki iliyopita alikuwa amekamilisha njia mpya. Kwenye kona yake moja palikuwa na mkuyu mzee, na chini ya mizizi yake shimo. Mtembeaji mmoja alisema ameona nyoka akiingia humo. Gasana akaamuru shimo lizibwe kwa zege na juu yake liwekwe benchi.

Aliyetumwa kumwaga zege ni Niyonzima, kibarua mpole kutoka mtaa wa Gitega. Alitega sikio shimoni kwa muda, halafu akaweka karai chini.

"Shefu, humu ndani iko kitu inalia. Ni kama mtoto."

Gasana naye akainama, akasikia. Kilikuwa kilio chembamba cha mtoto aliyelia mpaka akachoka. Lakini wakubwa walikuwa wanakuja kesho yake kukagua njia.

"Ni upepo," alisema. "Mwaga."

"Nakuomba tungoje mpaka jioni, shefu. Kama ni mnyama, itatoka yenyewe."

"Niyonzima, kazi unaitaka au huitaki?"

Niyonzima akamwaga, uso ameugeuzia pembeni.

Siku mbili baada ya kufuli kuzibwa, maji yalikatika nyumbani kwa Gasana peke yake. Fundi alikata bomba akakuta saruji ndani, urefu wa mkono mzima, akaondoka bila kudai ujira. Kuanzia hapo nyumba ikanuka zege bichi. Alhamisi sikio la kulia la Gasana likaziba, na muuguzi akatoa humo vipande vya kijivu. Ijumaa asubuhi Ikirezi, binti yao wa miaka sita, alishindwa kumeza uji.

"Mama, koo ina mawe," alinong'ona.

Hospitali walimpiga picha, wakaona koo safi, wakawarudisha nyumbani. Lakini kufikia alasiri hata mate yalikuwa yanamtoka mdomoni kwa kukosa pa kupita, na ukutani, nyuma ya kitanda alicholazwa, kukaanza kusikika mkwaruzo wa kucha, taratibu, ukipanda na kushuka kila mtoto alipovuta pumzi, mpaka Swafiya akambeba mgongoni akatoka mbio bila viatu, Gasana nyuma yake, hadi dukani kwa Mwalimu Usumani, muuza kofia aliyesomea wagonjwa Kurani kwa miaka thelathini.

Usumani alisoma, akasoma tena. Kisha akamgeukia Gasana.

"Jini simkuti ndani ya mtoto. Amesimama nje, hapo kizingitini. Ni mama. Umemfanya nini?"

Gasana akaeleza yote, na kilio alichokisikia. Swafiya alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Jini mpotovu ningemfukuza," alisema Usumani kwa sauti ya chini. "Huyu amedhulumiwa. Ulimfungia mlango mtoto wake akiwa ndani, naye anakufungia milango yako mmoja mmoja. Kafungue. Akikuuliza neno, jibu juu ya nafsi yako. Usimtaje mwingine."

Jumamosi asubuhi Gasana alipanda msituni na nyundo na tindo. Aling'oa benchi mbele ya watembeaji, akaanza kupasua zege. Walinzi walimfokea, watu wakatoa simu wakimpiga picha, naye akaendelea tu, mikono inavuja damu, mpaka bonge la mwisho likapinduka na akaona upande wake wa chini alama za vidole, vidogo, vingi, vimesukuma na kusukuma zege likiwa bado bichi, na hapo ndipo alipotambua kwamba kelele zote zimekoma, ndege, walinzi, gari za barabarani huko chini, na kwamba kuna mwanamke amepiga magoti upande wa pili wa shimo, amejitanda nguo nyeusi inayochuruzika maji, anatoa humo kitu ambacho Gasana hakukiona ila aliona jinsi mikono ya yule mama ilivyolemewa, ikakikumbatia, ikakibembeleza.

"Nani alimmwagia mwanangu?" aliuliza.

Gasana alimfikiria Ikirezi. Alikumbuka pia alichoambiwa na Usumani. Jibu lilikuwa mdomoni tayari.

"Niyonzima," alisema. "Anakaa Gitega. Ni yeye aliyemwaga."

Aliporudi nyumbani alimkuta Ikirezi amekaa jikoni, anakunywa kikombe cha pili cha maziwa. Swafiya alimshika mumewe mikono yote miwili akalia.

Jumapili mchana simu ya Swafiya iliita. Alikuwa Mukashema, mke wa Niyonzima. Alikuwa ametoka kanisani akamkuta mumewe ameketi kitandani, mdomo wazi, ulimi mweupe na mgumu kama jiwe. Hakuwa na pumzi.

Swafiya akaweka simu chini.

"Yule mama alikuuliza nini?"

"Aliuliza nani alimwaga," Gasana akasema. "Nikamwambia ukweli."

"Na aliyeamuru?"

Swafiya alimfunga Ikirezi mtandio, akavaa wake, akachukua mkoba.

"Naenda kukaa na Mukashema."

Alitoka na mtoto. Gasana akasikia nyayo zao zikivuka uani, kisha zikasimama. Swafiya alikuwa anasema na mtu, polepole, kwa heshima, kama asemavyo mtu matangani.

"Pole kwa mtoto, mama," alisema. "Aliyeamuru yuko ndani."