Mkaa wa Kisima cha Wapagazi

Maji yalikuwa meupe kabisa, lakini yalinuka jasho la mtu.

Tekla aliyaonja siku waliyohamia nyumba ile, nje kidogo ya mji wa Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara. Ulikuwa mwaka wa pili baada ya vita vya Hitla. Mumewe Lugembe, karani wa stesheni, alikunywa funda moja akatema. Mama mkwe, Veneranda, alisema kisima kile kilichimbwa na wapagazi na majirani hawakigusi. Kisima kingine kilikuwa mwendo wa saa nzima, na Tekla alikuwa na mimba ya miezi sita.

Aliyachemsha, harufu ikazidi. Akafukiza mtungi kwa ubani kama wafanyavyo wanawake wa mjini. Yakanuka ubani na jasho pamoja. Ndipo akakumbuka walivyofanya masista wa misheni alikosoma. Akatoboa pipa chini, akapanga kokoto, mchanga, na juu yake vipande vya mkaa, akamimina maji taratibu. Yaliyotoka hayakuwa na harufu yoyote. Lugembe alikunywa vikombe vitatu, akamsifu mkewe mbele ya mama yake.

Wiki tatu zikapita, Tekla akabadilisha mkaa. Ule wa zamani akauanika juani, akaona hasara kuutupa, akautia kwenye pasi na kunyoosha mashati ya mumewe.

Kesho yake Lugembe alirudi kutoka kazini akijikuna bega. Alisema shati linanuka. Tekla alilinusa asisikie kitu. Harufu ilikuwa kwenye ngozi. Siku ya pili bega lilivimba. Siku ya tatu, jua likiwa utosini, Tekla alimwona ametoka uani na gunia la karanga begani, amevua viatu, anaelekea mashariki kwa hatua fupi za haraka, naye alipomkimbilia, ingawa njia ilikuwa tupu na vumbi lilitimka kwa miguu ya mumewe tu, alisikia nyuma yake mwenyewe nyayo nyingi za watu pekupeku, zikija kwa mpigo mmoja, na kikohozi cha mtu aliyekaukwa koo kikamsogelea sikioni, karibu mno, mpaka shingo ikakataa kugeuka.

"Lugembe," alinong'ona. "Unakwenda wapi?"

"Pwani." Sauti haikuwa yake. "Nyapara amesema hatusimami kunywa."

Majirani walimkamata, wakamrudisha amefungwa kamba. Veneranda hakukosa kusali rozari hata siku moja, lakini ndiye aliyekwenda mjini mwenyewe kumwita mganga, mzee Nassibu. Mzee hakupiga ngoma. Alinusa pipa, akanusa pasi, akamtazama Tekla.

"Mpagazi huyu alianguka kisimani kabla hajanywa," alisema polepole. "Miaka yote pepo wake alikuwa humo. Wewe mama ulimtoa ukamtia kwenye mkaa, kisha ukamvisha mumeo."

"Sikujua, mzee."

"Najua. Naye hana kisasi nawe. Ana kiu."

Akaagiza mkaa wote uliobaki, majivu ya pasi na mashati yale virudishwe kisimani. Tekla alivitumbukiza kwa mikono yake, huku Nassibu akisoma dua kwa sauti ya chini na Veneranda akishika rozari. Harufu ilipanda kutoka kisimani, nzito kuliko mwanzo. Tekla alilia kwa kufarijika. Ndani, Lugembe aliacha kuvuta kamba, akalala.

Alilala siku mbili. Alipoamka bega lilikuwa limenywea, akamwita mkewe kwa jina, akaulizia kazi yake. Tekla akaenda jikoni kumletea maji ya kisima cha mbali. Aliporudi, kitanda kilikuwa kitupu.

Alimkuta kisimani, amepiga magoti, anakunywa kwenye ndoo maji yale yanayonuka, funda baada ya funda, bila kukunja uso. Aliposhiba alijifuta mdomo, akamsogezea Tekla ndoo, akatazama nyuma ya mabega ya mkewe.

"Matamu," alisema. "Wape na wenzangu."