Korongo Aliyekunja Shingo

Tarehe mosi Machi, mtaa mkuu wa mji wa Plovdiv hujaa watu kana kwamba majira ya machipuko yanaapishwa rasmi. Kila upande meza, na juu ya kila meza martenitsa: nyuzi nyekundu na nyeupe zilizosokotwa pamoja, za kufungwa mkononi mpaka mtu amwone korongo wa kwanza akirudi kutoka kusini. Enzi za kisa hiki simu zilikuwa bado zinakaa ukutani, na watu walikuwa na muda wa kutazama juu.

Mikono miwili ilishika martenitsa moja, ya mwisho mezani. Mmoja ulitoka kwenye koti la kijani lenye kifungo kimoja kisichofanana na wenzake. Huo ulikuwa wa Nevena. Wa pili ulikuwa wa Kalin, kijana mrefu aliyening'iniza darubini shingoni kama wengine wanavyovaa tai.

"Samahani, dada. Mimi nilitangulia."

"Ulitangulia kwa macho, kaka. Mkono ulio chini ni wangu."

Mama muuzaji akaingilia kati. "Mnamnunulia nani?"

"Najinunulia," wakajibu kwa pamoja.

Mama yule akajishika kifua. "Mungu wangu! Martenitsa mtu hupewa, hajinunulii! Nyie hamna watu wenu?"

Kalin aliitazama meza. Nevena alitazama viatu vyake. Jibu lilikuwa hilo.

"Basi nunulianeni, mniondolee mkosi hapa," akasema muuzaji, akichomoa ya pili chini ya meza. Alikuwa nazo sanduku zima, lakini tusiingilie siri za biashara.

Wakafungana. Kalin alichukua muda mrefu kuliko fundo lilivyohitaji.

"Unafunga mkono au mbuzi?" Nevena akauliza.

"Nahakikisha hutoroki. Jumapili naongoza matembezi ya kutazama ndege na mimea kando ya mto Maritsa. Njoo."

"Ndege hawa wa mjini? Shomoro na njiwa?"

"Njoo uone jinsi ulivyokuwa kipofu."

Akaja. Kundi lilikuwa la wastaafu watupu, waliovaa kofia za sufu na kubeba chai kwenye chupa. Kalin aliwaonyesha maua meupe yaliyoinamisha vichwa katikati ya nyasi kavu, na kigogota aliyekuwa akigonga mti nyuma ya kiwanda. Nevena alimcheka kila ndege aliyetajwa. Lakini alipoguswa bega na Kalin aelekezwe chiriku kwenye tawi, aliendelea kutazama tawi lile muda mrefu baada ya chiriku kuondoka.

"Aprili nitaanza kufundisha shule moja mjini Sofia," Nevena akasema wakiwa wamebaki nyuma. "Labda."

"Labda?"

"Labda nisipopata sababu ya kukataa."

Kalin aliishika darubini yake. Alikuwa jasiri mbele ya mwewe, si mbele ya maneno. "Tuahidiane. Tusivue hizi mpaka tumwone korongo, mimi na wewe, pamoja. Siku hiyo nitakuuliza neno."

"Kwa nini usiulize leo?"

"Kila jambo na majira yake, mpenzi."

Neno la mwisho lilimponyoka. Hakuna aliyelirudisha.

Baada ya Jumapili mbili, Nevena alikuja kwenye matembezi na mkono usio na martenitsa. Kalin aliuona kabla hajauona uso wake. Hakuuliza. Siku nzima alitaja mimea kwa Kilatini, lugha anayoitumia mwanamume akitaka kulia bila kujulikana. Nevena akaondoka kabla ya chai.

Wiki nzima Kalin alipita mitaani akitazama lami. Ijumaa jioni, siku moja kabla Nevena hajasafiri kwenda Sofia, alisimama kwenye kibanda cha simu mbele ya posta, akapiga.

"Nevena."

"Kumbe umerudi kutoka Kilatini."

"Uliivua. Kama jibu ni hapana, ungeniacha kwanza niulize."

Nevena akajibu kwa sauti ndogo: "Nilimwona, Kalin. Peke yangu, nikivuka daraja. Alikuwa akiruka. Bibi yangu husema ukimwona wa kwanza akiwa amesimama, mwaka huo utatulia nyumbani. Ukimwona akiruka, ni safari. Nikajua Sofia imeshaniita. Desturi ni desturi, nikaivua. Ningekuambiaje?"

Wakati huo mlango wa Nevena uligongwa. Alikuwa Bibi Penka wa ghorofa ya chini, aliyechangia naye waya mmoja wa simu. Mmoja akiongea, mwenzake hana simu. "We Nevena! Kata! Nataka kuongea na dada yangu!"

"Dakika moja, bibi!"

Kibandani, Kalin alikuwa ameshika kichwa. "Huyo korongo, rangi gani?"

"Kijivujivu."

"Shingo?"

"Kalin, mimi nalia, wewe unaniuliza shingo!"

"Aliinyoosha au aliikunja?"

"Aliikunja. Kama bomba la chini ya sinki."

Kalin alicheka mpaka foleni nyuma yake ikarudi hatua moja. "Mpenzi, korongo huruka kanyoosha shingo! Huyo ni ndege mwingine, mla samaki wetu wa mtoni. Haendi kokote, yupo hapa mwaka mzima. Umetabiriwa na mkazi wa Plovdiv!"

"Kwa hiyo siendi Sofia?"

Hapo kicheko kikamwishia. "Kazi ni yako, nenda. Nataka kuja nawe. Nevena, tuoane?"

"Korongo hajaja."

"Achelewe. Mimi nimechelewa vya kutosha."

"Nevena!" Mlango ukatikisika.

"Bibi, ninaposwa!"

"Basi kubali upesi, mwanangu, dada yangu hulala mapema!"

"Ndiyo," Nevena akasema, akicheka na kulia. "Ndiyo, Kalin. Sasa kata, kabla mlango haujavunjwa."

Simu ikakatika. Kalin alitoka kibandani, na kwa mara ya kwanza wiki ile akainua macho. Mti wa mplamu wa mbele ya posta ulikuwa mweupe tele, umechanua kutoka shina hadi ncha. Kiongozi wa matembezi alikuwa ameupita kila siku bila kuuona.

Siku hizi mti haupo, pale pameegeshwa magari. Lakini muulize mzee yeyote wa mtaa ule wapi pa kukutana, atakuambia: kwenye mplamu.