Andiko la Mia Tatu na Kumi na Mbili

Saa 11:20 jioni, siku ya Alhamisi, mhariri alikuwa amebakiza maandiko tisa.

Tovuti ya zamani ilikuwa inafungwa saa moja kamili. Tangazo lilisema wazi: kisichohamishwa kitapotea. Ndani yake mlikuwa na shajara ya mdogo wake, maandiko 312, miaka sita ya maneno ya binti aliyeitwa Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Sasa Chiriku alikuwa na miezi minane kaburini.

Mhariri alinakili andiko moja moja kwenda kwenye blogu mpya, kila moja akilitia alama ya vema daftarini. Simu aliinyamazisha, kama walivyofanya kazini kila gazeti lilipokaribia kwenda mtamboni. Mazoea yana taabu.

"Yamebaki mangapi, mwanangu?" mama aliuliza kutoka kitandani. Macho yake hayakusoma tena. Kila jioni alisomewa.

"Machache, mama."

"Usiruke hata moja. Nakujua wewe na mkasi wako."

Wakacheka. Kidogo.

Saa 12:31 alifika la mwisho. Alilijua bila kulifungua.

*Kifua kinabana. Nimempigia dada mara tatu. Hapokei.*

Jioni ile gazeti lilikuwa linakwenda mtamboni. Mama aliambiwa tu kwamba mtoto alifia usingizini.

Mhariri hakulinakili. Aliandika 311 daftarini, akapiga mstari chini yake. Kisha akafungua blogu mpya ili ahakiki.

312.

Labda mkono ulikosea. Alilifuta. 311. Akafungua ukurasa upya.

312.

Alilifuta tena. Ndipo chumba kilipoanza kunukia... mafuta ya mchaichai.

"Chiriku kaja?" mama alinong'ona.

"Mama, tafadhali..."

"Nasikia harufu ya mafuta yake ya nywele."

Chupa ya mafuta yale mhariri mwenyewe aliitupa baada ya mazishi.

Alilifuta mara ya tatu. Saa 12:58 lilirudi, na safari hii lilikuwa na mstari wa pili.

*Dada, hata huku hupokei?*

Saa moja ikafika. Tovuti ya zamani ikawa ukurasa mweupe, mtupu.

"Haya, nisomee la mwisho," mama alisema.

Angeweza kumsomea jingine. Yalikuwepo ya kuchekesha tele, na mama asingejua. Harufu ilikuwa imesogea, sasa iko nyuma ya kiti chake. Hakugeuka.

Akasoma lile lile. Mistari yote miwili.

Mama akajiinua kitandani.

"Mara tatu?"

"Mara tatu, mama."

"Nawe ulikuwa wapi?"

"Kazini. Simu niliinyamazisha."

Mama akageukia ukutani. Mabega yake yalitikisika bila sauti. Mhariri alitaka kumshika, lakini hakujua kama bado anaruhusiwa.

Hapo simu ikaita.

Ilikuwa mezani, bado imenyamazishwa. Iliita kwa sauti. Kwenye kioo palikuwa na jina la Chiriku, na laini ya Chiriku ilifungwa wiki ya mazishi.

Ikakatika.

Ikaita tena. Ikakatika.

"Pokea," mama alisema, uso bado ukutani. "Usimfanyie hivyo mara mbili."

Ilipoita mara ya tatu, alipokea.

Rekodi ya simu hiyo bado ipo: saa 1:09 jioni, imepokewa, dakika nne na sekunde kumi na mbili. Alichoambiwa hajakisema kwa mtu, hata kwa mama. Mama naye hajauliza.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, alifungua blogu. Hesabu ilisoma 313. Andiko jipya lilikuwa na neno moja.

*Amepokea.*