Namba Nilizoziandika kwa Wivu

Mimi ni mjane wa miaka sabini na mbili, mwenyeji wa Tabora mjini. Nitakayoyaeleza hapa niliyafanya nikiwa na miaka ishirini na saba. Hata wanangu hawayajui...

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Mimi na Tausi tulisoma dawati moja tangu darasa la kwanza. Baadaye yeye akachaguliwa kwenda ng'ambo kusomea kemia. Mimi nikaishia msaidizi wa maabara hapa hapa mjini, kuosha chupa na kulisha panya. Aliporudi, alipangiwa maabara ile ile, awe mkubwa wangu! Ningefurahi vipi?

Alikuja na aina kadhaa za unga alizoziandaa huko huko alikosoma. Alinieleza kwamba mwilini mwetu mna vipande vidogo vya protini, viitwavyo peptidi, vinavyotuliza maumivu, ila huvunjika upesi mno. Yeye alibadilisha kiungo kimoja kimoja katika mnyororo wa peptidi ili dawa idumu, mgonjwa wa saratani apumue. Tulimdunga panya, tukatia mkia wake katika maji ya moto, kisha nikahesabu sekunde mpaka autoe. Akikawia kuutoa, ujue dawa inafanya kazi.

Mume wangu Hamisi alikuwa seremala. Tausi akampa kazi ya kutengeneza masanduku ya panya. Masanduku yakaisha, lakini Hamisi bado anakuja! Nyumbani ni Tausi hivi, Tausi vile. Siku moja niliwakuta nyuma ya maabara wameinamia karatasi. Waliponiona, Tausi akaikunja upesi. Moyo ulinichoma... Kwani masomo hayakumtosha, mpaka aniingilie na ndoani?

Wiki ile Tausi alishikwa na malaria, akaniachia nipime unga wa mwisho peke yangu. Jamani, panya yule alituliza mkia majini kama hasikii kitu! Sekunde zikapita, nikamtoa mwenyewe nisije nikamuunguza. Wote waliofuata wakawa vivyo hivyo. Dawa ilikuwa imepatikana.

Nikachukua daftari. Nikaandika namba za panya waliodungwa maji matupu, wale wanaoutoa mkia mara moja.

Tausi alipopona alisoma ukurasa ule, akaketi. Unga ulikuwa umekwisha. Akawaandikia wenzake wa ng'ambo kwamba ule wa mwisho haufai, wakauacha. Utafiti ukafungwa, naye akahamishiwa Nzega kufundisha sekondari. Siku aliyoondoka nilipika pilau.

Haikupita miezi miwili, ikaja barua. Nimepata nafasi ya masomo Dar es Salaam! Ndani mlikuwa na nakala ya maneno ya Tausi ya kuniombea nafasi ile. Aliandika kwamba namba zangu anaziamini kuliko zake mwenyewe. Hamisi akacheka, akaniambia ile karatasi ndiyo ilikuwa fomu yangu. Walitaka iwe siri mpaka nikubaliwe.

Nafasi ile sikuichukua. Nilipanda basi hadi Nzega, nikamkuta Tausi nje ya darasa, chaki mkononi. Nikamwambia yote. Hakunitukana wala hakulia. Aliniuliza tu kwa sauti ya chini, "Zainabu, namba za kweli zilikuwa ngapi?"

Nikatikisa kichwa. Sikuwa nimeziandika popote, na kwa hofu na chuki ya siku ile hazikunikaa kichwani. Bila namba, wenzake wa ng'ambo wasingekubali kuutengeneza tena unga ule.

"Basi," akasema. Akarudi kwa wanafunzi wake.

Hatujasemezana tena. Sijui kama dawa ile ingemfaa binadamu. Hakuna ajuaye, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Ndugu msomaji, ukimshuku mwenzio, mfuate umuulize, hata kwa ugomvi. Usiiguse kazi ya mikono yake. Mimi niliigusa, na hata nilipotaka kuirudisha, sikuwa na cha kurudisha.